Nani Amewaweka Fungu Moja?



Ukishuka matatu upande wa Pipeline, jijini Nairobi, kando ya Outering Road, ukashika njia ya miguu kuelekea Mukuru kwa Njenga, huendi mbali kabla mambo hayajabadilika. Nyuma yako ni gorofa ndefu zilizobanana hadi taa za ngazini huwaka mchana. Mbele yako ni ploti za mabati, vyumba vya futi kumi kwa kumi vimetazamana, nguo zimeanikwa katikati, na kwenye kona kuna kioski cha maji na mitungi ya lita 20 iliyopangwa foleni. Humo ndani kuna Vietnam, kuna Wape Wape, kuna Sisal, Riara, Milimani, Moto Moto. Mgeni ataona mabati tu. Mwenyeji anajua wapi maji hufika usiku wa manane pekee, wapi mvua ikinyesha kitanda huinuliwa juu ya mawe, na wapi kodi imepanda tangu barabara ipite.

Sasa tuchukulie kompyuta imepewa data za kaya za huko: kodi ya mwezi, idadi ya watu chumbani, umbali wa choo, bei ya mtungi wa maji, aina ya jiko. Kisha ikaambiwa izipange kaya hizo katika mafungu. Haikuambiwa mafungu mangapi, wala kaya ipi iende wapi. Itapanga, kwa sababu mashine haikatai kupanga. Mpe mtu mwingine data zilezile na programu nyingine, atakuletea mafungu tofauti. Wa tatu naye atakuja na yake. Swali langu leo ni hilo: tuchague mpango upi, na kwa kigezo gani, ikiwa hakuna mtu mwenye jibu sahihi la kulinganishia?

Wenye fani huita kazi hiyo kujifunza bila lebo. Lebo ni jibu ambalo binadamu amelibandika mapema ili mashine ijifunze kwalo. Nairobi inaijua kazi ya lebo kwa jasho. Mwaka 2018 BBC ilitangaza habari za vijana wa Kibera waliokuwa wakiketi mbele ya kompyuta kutwa nzima, wakizungushia mistari magari, watu na alama za barabarani kwenye picha, ili magari yanayojiendesha ya ng'ambo yafundishwe kuona. Picha za barabara za ughaibuni zimepata lebo kutoka mikono ya Nairobi. Ila kaya za Mukuru kwa Njenga hazina mtu aliyezibandikia lebo inayosema hii ina dhiki ya aina hii, ile ya aina ile. Na hata angetokea wa kubandika, tungemuuliza amepata wapi mamlaka hayo.

Nimeichagua Mukuru kwa sababu huko suala hili si la darasani. Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa Eneo Maalum la Mipango. Kaya zaidi ya 100,000 ziliingia katika mpango mmoja. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na mashirika ya SDI Kenya na Akiba Mashinani Trust na vyuo vikuu kama Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore, waliingia kazini: maji, afya, makazi, barabara, fedha, elimu. Eneo la ukubwa huo huwezi kulipangia nyumba moja moja, lazima uweke kaya katika makundi. Na kila kundi unalolichora, umeshaamua nani atapewa choo pamoja na nani.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Hesabu inaweza kutuondolea mipango mibovu, lakini ikishafika mahali pa kuchagua kati ya mipango miwili mizuri, haina la kutuambia. Hapo wa kuulizwa ni kazi yenyewe ambayo mafungu yataifanya, pamoja na watu waliowekwa ndani ya mafungu hayo.

Tumtazame mama mboga wa pale kwenye kona. Nyanya zake hazikuja na lebo. Anazipanga mafungu ya shilingi ishirini, na hapangi tu kwa ukubwa. Zile zilizoiva sana zinakwenda kwa anayepika jioni hii, zile ngumu kwa mwenye kibanda cha chakula anayenunua za kesho. Ukimuuliza mafungu sahihi ya nyanya ni mangapi, atakuuliza wewe unanunua za nini.

Mashine haiulizi hivyo, na ndipo tabu inapoanzia. Mbinu inayotumika kuliko zote katika kazi hii ni ile ya vitovu. Unaiambia unataka mafungu, tuseme, manne. Inaweka vitovu vinne mahali popote, kila kaya inajiunga na kitovu kilicho karibu nayo, kisha kila kitovu kinahamishwa hadi katikati ya kaya zilizojiunga nacho. Kaya zinaangalia upya kitovu kilicho karibu, vitovu vinahama tena, na mchezo unaendelea hadi hakuna anayehama. Stuart Lloyd aliiandika mbinu hiyo mwaka 1957 akiwa Bell Labs, Marekani, kwa kazi ya mawimbi ya simu, na makala yake haikuchapishwa hadi 1982. Ni mbinu nyepesi na ya haraka. Ila inategemea vitovu vilianzia wapi, inategemea idadi uliyoitaja wewe, na zaidi ya yote inategemea maana uliyolipa neno "karibu".

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi hupita mbio. Chukua kaya tatu. Ya kwanza inalipa kodi ya shilingi 3,000 na chumbani wako watu 2. Ya pili inalipa 3,000 vilevile, lakini wamo watu 7. Ya tatu inalipa 3,500, watu 2. Ukiipa mashine namba hizo kama zilivyo, kati ya ya kwanza na ya pili itaona tofauti ya 5, na kati ya ya kwanza na ya tatu itaona tofauti ya 500. Kwake, chumba cha watu wawili na chumba cha watu saba ni mapacha, na walioachana mbali ni wale waliotofautiana shilingi mia tano. Sasa andika kodi kwa maelfu, yaani 3 na 3.5. Tofauti ya kodi inakuwa nusu, tofauti ya watu inabaki 5, na picha nzima inageuka. Hakuna kaya iliyohama. Hakuna chochote Mukuru kilichobadilika. Kilichobadilika ni namna karani alivyoandika safu moja ya jedwali.

Wataalamu wana dawa yake: kila safu hupimwa upya ili zote ziwe na uzito mmoja. Ni dawa nzuri na nashauri itumike. Lakini kuzipa zote uzito mmoja nako ni uamuzi. Ni kusema kwamba msongamano wa watu saba chumbani una uzito sawa na aina ya jiko. Mtu akikubali hilo, amekubali kwa niaba ya nani? Kabla modeli ya kwanza, yaani programu ya kupanga mafungu, haijaanza kazi, tayari mtu ameshachagua, mara nyingi bila kujua.

Sasa tufike kwenye vipimo. Kwa kuwa hakuna majibu ya kulinganishia, watu wa takwimu walibuni alama za kupima mafungu kwa kuyaangalia yenyewe. Inayojulikana sana ni alama ya silueti, ambayo Mbelgiji Peter Rousseeuw aliitoa mwaka 1987. Chukua kaya moja ya Wape Wape. Pima umbali wake wa wastani na wenzake wa fungu lake, tuseme ni 2. Pima umbali wake wa wastani na fungu jirani lililo karibu zaidi, tuseme ni 5. Toa 2 katika 5, unabaki na 3. Gawanya kwa ile kubwa, yaani 5, unapata 0.6. Kaya hiyo imekaa vizuri. Kama wenzake wangekuwa umbali wa 4 na jirani naye 4, ungepata sifuri: kaya iko mpakani, ingeweza kwenda huku au kule. Na kama wenzake wako umbali wa 5 ilhali fungu jirani liko umbali wa 3, unapata alama hasi, 0.4 chini ya sifuri. Hiyo imewekwa na wageni. Jumlisha alama za kaya zote, tafuta wastani, na mpango wenye wastani mkubwa ndio wengi huutangaza mshindi.

Ukifanya hivyo kwa data zinazochanganya Pipeline na Mukuru kwa Njenga, nina hakika ya jambo moja: mafungu mawili yatapata alama nzuri sana. Gorofa upande huu, mabati upande ule. Kodi zimeachana, vyoo vimeachana, kuta zimeachana. Mashine itasema imepata mpasuko safi kabisa. Na mpasuko huo, wasikilizaji wangu, hata mtoto wa darasa la pili anayevuka kwenda shule anauona. Hatukuhitaji kompyuta. Tulichohitaji kukijua ni tofauti za ndani ya mabati: kaya zilizo karibu na mfereji lakini mbali na choo, kaya zenye stima ya kuunganishiwa na jirani, kaya za wapangaji wa muda wanaotafuta kibarua Viwandani kila asubuhi. Tofauti hizo ni ndogo, zimeingiliana, na ukizigawa katika mafungu matano au sita alama ya silueti inashuka. Mtu anayefuata alama peke yake atayatupa mafungu sita yenye manufaa na kubaki na mawili yasiyomwambia mtu kitu. Alama hii hupima mafungu yameachana kiasi gani. Yanafaa kwa kazi gani, hilo haliko ndani yake.

Kuna na jambo la umbo, hasa tukiongeza kwenye data mahali kila nyumba ilipo. Mbinu ya vitovu hupenda mafungu ya duara. Mukuru haikujengwa kwa duara. Nyumba zimefuata Mto Ngong, zimefuata ukuta wa kiwanda, zimefuata njia. Ukichora duara juu ya ukanda mwembamba wa nyumba za kando ya mto, duara litavuka maji na kuwachukua watu wa ng'ambo, ambao kufika kwao lazima uzunguke hadi kwenye daraja. Mwaka 1996 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, walitoa mbinu nyingine iitwayo DBSCAN, inayofuata msongamano badala ya vitovu. Inasema: kama kaya ina majirani wa kutosha ndani ya umbali fulani, ni sehemu ya fungu, na fungu linaenea hivyo hivyo kutoka jirani hadi jirani, hata likipinda kama mto. Kwa ramani ya Mukuru naiona ni mbinu ya heshima zaidi.

Lakini nayo ina lake. Kaya isiyo na majirani wa kutosha, wala haiko karibu na kaya yenye majirani hao, haiwekwi fungu lolote. Jina la kaya hiyo, katika vitabu vyao, ni kelele. Fikiria ukurasa wa mwisho wa ripoti, safu yenye nyumba zilizoachwa nje kwa sababu ziko pembezoni, karibu na maji, mahali wengine walishahama. Mara nyingi hizo ndizo zenye shida kubwa kuliko zote, na mashine imeziita kelele. Ukipanga vyoo kwa mafungu, kelele haipati choo. Na ukizipima mbinu hizi mbili kwa alama ya silueti, ile ya vitovu ina nafasi kubwa ya kushinda, si kwa kuwa imewaelewa watu wa Mukuru, bali kwa kuwa alama yenyewe hupenda maumbo yaleyale ya duara. Mwaka 2002 Jon Kleinberg wa Chuo Kikuu cha Cornell alithibitisha kwa hesabu kwamba kuna sifa tatu ambazo kila mtu angependa mbinu ya kupanga mafungu iwe nazo, na kwamba haiwezekani mbinu yoyote ikawa na zote tatu. Maana yake, kila mbinu ina mahali inapokosea, na kazi ya mchaguzi ni kujua kosa lipi halivumiliki kwa kazi iliyo mbele yake.

Kuna mfano mmoja mkubwa wa modeli isiyo na lebo ambao umeshagusa maisha ya Wakenya, na wengi hawajui kwamba ni modeli. Ni fahirisi ya utajiri. Mapato ya kaya ni magumu kuuliza: mtu wa kibarua hana hati ya mshahara, mama mboga hapati kiasi kilekile kila siku. Mwaka 2001 wachumi Deon Filmer na Lant Pritchett walitoa makala iliyoonyesha njia ya kuzunguka tatizo hilo. Usiulize mapato, uliza vitu: sakafu ni ya nini, kuna stima, kuna redio, runinga, baiskeli, choo cha aina gani. Kisha iachie mashine itafute mwelekeo mmoja ambao kaya zinatofautiana zaidi kuliko mielekeo mingine yote, na uuite mwelekeo huo utajiri. Hakuna lebo hata moja iliyotumika. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu, Kenya ikiwemo, zimezipanga kaya katika ngazi tano kwa namna hiyo kwa miaka mingi.

Sasa jiulize: Kenya nzima ikiwekwa kwenye jedwali moja, ni kipi kinachotenganisha kaya zaidi kuliko kitu kingine? Ni mji na kijiji. Stima, sakafu ya saruji, simu, runinga. Kwa hiyo mwelekeo ambao mashine imeupata, kwa sehemu kubwa, ni mwelekeo wa kutoka kijijini kwenda mjini. Mkazi wa Mukuru kwa Njenga ana taa, ana sakafu ya saruji, ana runinga ndogo ukutani. Fahirisi inampandisha. Katika tafiti hizo sehemu kubwa ya wakazi wa Nairobi huangukia ngazi ya juu kabisa ya utajiri, na wenzetu wa vyumba vya futi kumi kwa kumi wamo humo humo. Swali la ndiyo au hapana kuhusu stima halisemi kwamba stima hiyo imevutwa kutoka kwa jirani na hukatika wakati wowote. Swali la maji halisemi kwamba mkazi wa Mukuru kwa kila lita hulipa zaidi ya mwenye mfereji wake katika mtaa uliopangwa, jambo ambalo tafiti zilizotangulia tangazo la 2017 zilishalionyesha.

Mashine haikudanganya. Iliulizwa kaya zinatofautiana wapi zaidi, ikajibu. Waliokosea ni wale waliochukua jibu hilo na kuliweka mahali pa swali lingine, la nani ana dhiki. Wenye tafiti hizo wenyewe waliona kasoro, na baadaye wakaanza kutengeneza fahirisi za mjini na za kijijini kando kando kabla ya kuziunganisha. Nawasifu kwa hilo. Lakini angalia kilichowazindua: haikuwa alama ya hesabu. Kwa hesabu mwelekeo ule wa kwanza ulikuwa bora kabisa. Kilichowazindua ni ukosoaji wa watu kwamba fahirisi iliegemea mno mambo ya mjini.

Na mambo haya yanazidi kusogea karibu na mifuko yetu. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA humtoza mwenye mshahara asilimia 2.75, na asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, kisha mfumo unakadiria uwezo wake, mchango wa chini ukiwa shilingi 300 kwa mwezi. Mfumo huo ni wa namna nyingine, sitauchanganya na mafungu yetu ya leo. Nautaja kwa sababu unaonyesha jinsi nafasi ambayo mashine imekupa inavyogeuka kuwa bili.

Basi tufanyeje? Nina njia tatu za kupendekeza, na ya tatu ndiyo ninayoipenda.

Kwanza, zitikise data. Chukua nusu ya kaya bila kuchagua, panga mafungu. Chukua nusu nyingine, panga tena. Rudia mara nyingi. Kama kaya mbili za Sisal ziko pamoja leo na kesho zimetengana bila sababu yoyote ila bahati ya sampuli, mpango huo usipelekwe mbele ya mwananchi. Kumbuka tu kwamba yale mafungu mawili ya gorofa na mabati yatatikiswa mwaka mzima yasitikisike, kwa hiyo kutotikisika peke yake si ushindi. Na kuna mtikiso ambao hauko kwenye kompyuta. Mwishoni mwa 2021 nyumba za maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara. Mwaka 2024, baada ya mafuriko, zikabomolewa nyingine za kando ya mito ya Nairobi. Modeli iliyochaguliwa kwa data za kabla ya hapo inapanga kaya ambazo hazipo, na inawakosa watu waliojibana kwa ndugu zao ploti ya pili.

Pili, ficha swali moja. Kabla ya kupanga, toa kwenye jedwali jambo moja unalolijali sana, kwa mfano bei ambayo kaya hulipia mtungi wa maji. Panga mafungu kwa mambo mengine yote. Kisha fungua lile ulilolificha, uone kama mafungu yanatofautiana kwalo. Modeli ambayo mafungu yake yana bei za maji zisizotofautiana haikupata kitu cha kumsaidia mpangaji wa maji, hata ikiwa na alama ya silueti ya kupigiwa makofi. Na ile ambayo mafungu yake, bila kuonyeshwa bei, yametenga kaya za bei kubwa na za bei ndogo, imegusa jambo la kweli. Ninaipenda njia hii kwa sababu inamlazimisha mtu kutamka mapema anapanga kwa ajili ya nini.

Tatu, wapelekee wenyeji. Mwaka 2009 Jonathan Chang na wenzake, Jordan Boyd-Graber na David Blei wakiwemo, walifanya jaribio juu ya modeli zinazopanga maneno ya makala katika mada bila lebo. Walichukua maneno matano ya mada moja, wakachomeka neno la sita kutoka mada nyingine, wakawaomba watu wa kawaida wamtoe mgeni. Mgeni akionekana haraka, mada ina maana. Watu wakibahatisha, mada ni mkusanyiko tu. Matokeo yaliwashangaza wengi: modeli zilizofanya vizuri kwa kipimo cha hesabu kilichokuwa kikiaminika mara nyingine zilitoa mada ambazo binadamu hakuzielewa.

Jaribio hilo linaweza kuvuka bahari likaja Mukuru kesho asubuhi. Andika kadi sita. Kila kadi ni kaya, bila jina, bila namba ya nyumba: watu wanne, chumba kimoja, kodi 2,800, choo mwendo wa dakika tatu, maji ya kioski, kazi ya kufua nguo Imara Daima. Kadi tano zitoke fungu moja, ya sita fungu jingine. Ziweke mezani mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wenye ploti, wapangaji, vijana wa kuzoa taka. Waambie wamtoe mgeni, kisha waeleze kwa nini. Fanya hivyo kwa kila modeli, bila kuwaambia ipi ni ipi. Modeli ambayo wenyeji wanamwona mgeni wake ina mafungu yanayoishi. Na ile sababu wanayoitoa ni hazina kuliko jibu lenyewe. Mhudumu atasema: huyu si wa hapa, maana mwenye kufua Imara Daima haishi upande huo, njia ya kuzunguka ingemchelewesha kila asubuhi. Hiyo ni safu ambayo haikuwa kwenye jedwali. Siku ya pili unaiongeza.

Najua nitajibiwa kwamba wenyeji nao wana upendeleo wao, kwamba mwenye ploti ataona mambo kwa jicho la kodi na mpangaji kwa jicho lake. Ni kweli, na ndiyo sababu wanaitwa wote. Watakapotofautiana juu ya mgeni, tofauti yao ni habari kuhusu fungu lile. Modeli yenye upendeleo haibishani na mtu, inakaa kimya na desimali zake.

Tena Mukuru ina rekodi yake ya kupanga watu bila mashine. Katika kazi ya Eneo Maalum, wakazi walijiunga kaya kumi kumi kuwa kikundi, na vikundi kumi vikawa kundi kubwa zaidi la kaya kama mia, na kuendelea juu, ili kila nyumba iwe na mahali pa kusemea. Kigezo kilikuwa ujirani: nani anamfahamu nani, nani anatumia njia ileile. Sisemi makundi hayo ndiyo jibu sahihi ambalo mashine ifuate. Mtu anaweza kuwa jirani yako ukuta kwa ukuta na dhiki zenu zikawa mbalimbali. Lakini modeli ikikata vikundi hivyo vipande vipande, mama huyu fungu la kwanza na wa mlango wa pili fungu la tano, aliyeichagua anapaswa kueleza huduma itafikaje. Bomba la maji haliruki mlango.

Haya si maombi ya huruma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa Mkenya haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake. Anayepanga kaya za Mukuru kwa modeli awe tayari kusema, kwa Kiswahili cha kawaida na mbele ya baraza, alipima vipi "karibu", alichagua idadi ya mafungu kwa sababu gani, alizijaribu modeli gani nyingine, na wenyeji gani waliziona kadi.

Na kabla hajafunga kompyuta, atoe orodha moja zaidi. Zile kaya zenye alama ya silueti ya sifuri au chini yake, na zile zilizoitwa kelele, aziandike zote peke yake. Mara nyingi orodha hiyo hufutwa ili ripoti ipendeze. Mimi naomba ndiyo iwe ya kwanza kukabidhiwa wahudumu wanaotembea mlango kwa mlango, wakaanzie huko, kando ya mto na nyuma ya ukuta wa kiwanda, wakiwa na kalamu na swali moja ambalo mashine haikuuliza: nyinyi wenyewe mnaona mnafaa kuwekwa pamoja na nani?